Queens kwa baiskeli siku mbili: njia ipi, vifaa gani, na pa kula

Mbuyuni

Wakuu, salaam. Mwezi wa tano mimi na shemeji tutakuwa New York, na tuna Jumamosi na Jumapili moja ambazo tunataka kuzitumia Queens peke yake, kwa baiskeli. Kwa sensa ya 2020 wilaya hiyo ilikuwa na watu 2,405,464, na karibu nusu yao wamezaliwa nje ya Marekani. Kwenye ramani naona Wabengali hapa, Wanepali pale, Wakolombia, Wachina, Wakorea, Waguyana. Lakini ramani hainiambii ni barabara ipi mtu akiingia na baiskeli atajuta.

Wote tumezoea kuendesha Dar, kilomita 30 hadi 40 kwa siku si tatizo. Tutalala Manhattan. Naomba kujua njia ya kupita tangu darajani, kama baiskeli za kukodi za mtaani zinatosha au tutafute duka, wizi ukoje, na kama tukichoka tunaweza kurudi na baiskeli ndani ya treni. Shemeji hali nguruwe, kwa hiyo wenye ujuzi wa chakula pia mtusaidie.

FundiSpoki

Karibuni sana, Mbuyuni. Kabla ya njia, shika kanuni moja inayoitawala Queens yote: unaendesha kwenye barabara ya pembeni, unatembea kwa miguu kwenye barabara kuu. Kila jamii ina mtaa wake wa biashara, Roosevelt Avenue, Main Street, Steinway Street, Liberty Avenue, na hiyo ndiyo mibaya zaidi kwa baiskeli. Roosevelt Avenue imefunikwa na reli ya juu ya treni namba 7. Nguzo za chuma zimesimama barabarani, magari ya mizigo yanaegeshwa safu ya pili, na dereva anayekata kona hakuoni mpaka umeshatoka nyuma ya nguzo. Wageni wengi huifuata kwa sababu kwenye ramani imenyooka na vyakula vyote viko hapo. Pita barabara mbili tatu pembeni, funga baiskeli, kisha ingia kwa miguu. Utakula zaidi na utaona zaidi.

Siku ya kwanza, vukeni Queensboro Bridge. Lango la baiskeli upande wa Manhattan liko East 60th Street, kati ya First na Second Avenue. Tangu Mei 2025 waenda kwa miguu wamepewa njia yao ya upande wa kusini, na ya kaskazini imebaki ya baiskeli. Zamani wote walibanana kwenye njia moja, kwa hiyo maelezo ya miaka ya nyuma yanayotisha kuhusu daraja hili yapuuzeni. Linapanda taratibu kwa muda mrefu, basi tumieni gia nyepesi tangu mwanzo. Kushuka upande wa Queens ndiko kwenye hatari: mwendo unakuwa mkali, chini kuna kona, na baiskeli za umeme za wapeleka chakula zinapanda kwa kasi. Shikeni breki kabla ya kona, msisubiri mkiwa ndani yake.

Mtatokea Crescent Street na Queens Plaza North. Mbele yenu kuna uwanja mpana wa reli, Sunnyside Yard, unaokata mitaa yote. Unavukwa kwa madaraja machache tu. Tumieni Honeywell Street au 39th Street, mtatua Skillman Avenue. Sunnyside ina njia mbili zilizotengwa na magari: 43rd Avenue ya kwenda mashariki na Skillman Avenue ya kurudi magharibi. Kwa hiyo kwenda ni 43rd. Mkibadilisha mtakuwa mnaendesha kinyume na magari, na hapo polisi watakuwa na haki ya kuwaandikia faini.

43rd Avenue inapokutana na Roosevelt Avenue, msiifuate Roosevelt. Shukeni kusini mitaa michache mpaka Queens Boulevard. Ndiyo, ni ileile iliyowahi kuitwa Boulevard ya Kifo kwa idadi ya waenda kwa miguu waliogongwa humo miaka ya 1990. Ina hadi safu 12 za magari. Lakini kuanzia 2015 jiji lilianza kuweka njia ya baiskeli kwenye barabara zake za pembeni, kipande kwa kipande, kuanzia Roosevelt Avenue kuelekea mashariki, na mwaka 2024 ikafika Union Turnpike. Endesheni humo mpaka 69th Street. Kukata kushoto hapo ndiko kunakohitaji akili: msijaribu kuhama safu na magari. Simameni kwenye kona, subirini taa ya waenda kwa miguu, vukeni nusu, pumzikeni kwenye kisiwa cha kati kama taa imebadilika, malizieni. Kisha 69th Street inawapeleka kaskazini, inapita chini ya reli ya namba 7, mpaka 34th Avenue.

34th Avenue ndiyo zawadi ya siku hiyo. Tangu 2020 mitaa 26, karibu kilomita 2.1 kuanzia 69th Street hadi Junction Boulevard, hufungwa kwa magari ya kupita kila siku kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kuna bustani katikati, watoto wanacheza, wazee wanatembea, kuna madarasa ya ngoma na ya lugha hapohapo lami. Si mahali pa mwendo. Kilomita 10 kwa saa inatosha, na mtoto akikatiza mbele yako yeye ndiye mwenye haki. Magari ya wakazi bado yanaruhusiwa kuingia polepole kuegesha, kwa hiyo msiondoe macho kwenye makutano.

Kutoka hapo Jackson Heights iko kusini yenu, mwendo wa dakika tano. Fungeni baiskeli 35th au 37th Avenue, tembeeni 73rd na 74th Street mpaka Diversity Plaza pale 37th Road.

Bi Mwanahamisi wa Elmhurst

Naongezea la anwani, maana bila hilo mtazunguka hadi jua lizame. Queens ina hesabu yake. Street, Place na Lane zinakwenda kaskazini hadi kusini na namba zinaongezeka mkielekea mashariki. Avenue, Road na Drive zinakwenda mashariki hadi magharibi na namba zinaongezeka mkielekea kusini. Namba ya nyumba ina kistari katikati: sehemu ya kwanza ni barabara inayokatiza iliyo karibu, ya pili ni nyumba yenyewe. Mfano, nyumba ya Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa jazi, ni 34-56 107th Street. Maana yake iko 107th Street, baada tu ya kukatiza 34th Avenue. Hakuna haja ya simu. Ila soma neno la mwisho kwa makini: 37th Avenue, 37th Road na 37th Drive ni barabara tatu tofauti zinazofuatana, na vivyo hivyo 60th Street, 60th Place na 60th Lane. Anayeandika "37" tu kwenye karatasi amejiandikia kupotea.

Na hiyo nyumba ya Armstrong msiipite. Aliishi humo tangu 1943 hadi alipofariki 1971, nyumba ya kawaida kabisa kwenye mtaa wa wafanyakazi, na sasa ni makumbusho. Mwaka 1960, katika ziara yake ya Afrika, alipiga Léopoldville na Elisabethville, Kinshasa na Lubumbashi za leo. Iko hatua chache kutoka 34th Avenue, ambayo baada ya Junction Boulevard si mtaa uliofungwa tena lakini njia ya baiskeli inaendelea.

Sasa chakula, kwa shemeji. Jackson Heights, 73rd Street, mikahawa ya Kibengali ni halali na imeandika dirishani. Wali wa biriani, samaki wa mchuzi wa haradali, na vigari vya fuchka: kitumbua chembamba kilichokaangwa, kinavunjwa juu, kinajazwa viazi na dengu na maji ya ukwaju. Kule momo za Kinepali na Kitibeti, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama, ni za ng'ombe au kuku, lakini baadhi ya wauzaji wanazo za nguruwe pia na sufuria ni moja, kwa hiyo uliza kabla. Roosevelt Avenue ni Wakolombia, Waekuador na Wameksiko. Arepa ya jibini ni unga wa mahindi na jibini, haina shida. Tamales ndizo za kuuliza: unga wake kwa kawaida hukandwa na mafuta ya nguruwe hata kama ndani ni kuku au jibini. Neno la kuuliza ni manteca. Maharage ya kuponda nayo yana mtindo huohuo. Vigari vingi vinataka fedha taslimu, na noti ya dola 100 hakuna atakayekurudishia chenji. Wekeni za 1, 5 na 10.

Msile mkashiba Jackson Heights. Hili ndilo kosa la karibu kila mgeni. Agizeni sahani moja kwa wawili, kwa sababu Corona iko kilomita mbili mbele na Flushing baada yake.

FundiSpoki

Asante Bi Mwanahamisi. Namalizia siku ya kwanza.

Kutoka Corona shukeni 111th Street. Pembeni mwa bustani ya Flushing Meadows Corona kuna njia ya baiskeli ya pande mbili iliyotengwa na magari. Ingieni bustanini, fuateni tufe la chuma mnaloliona kwa mbali. Hilo ni Unisphere, chuma kisichoshika kutu, urefu wa mita 43 hivi, lililojengwa kwa maonyesho ya dunia ya 1964. Karibu yake ni Queens Museum, na hapa mtu wa kwetu ana sababu ya kusimama. Jengo hilo ndilo lililokuwa ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tangu 1946 hadi 1950, kabla ya makao ya Manhattan kukamilika. Tarehe 13 Desemba 1946 baraza likikutana humo liliidhinisha mikataba ya udhamini, ukiwemo wa Tanganyika chini ya Uingereza na wa Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji. Njia yetu ya kisheria kutoka koloni hadi uhuru wa 1961 ilipita ndani ya kuta hizo. Ndani kuna pia mfano wa jiji zima kwa kipimo cha 1 kwa 1,200, kila jengo lililojengwa kabla ya 1992 limewekwa. Simameni upande wa Queens mtafute njia mliyopita asubuhi. Mtaelewa mara moja kwa nini reli na barabara kuu zinawalazimisha kuzunguka.

Kwenye njia za bustani kuna mizizi inayoinua lami na madimbwi yanayodumu siku mbili baada ya mvua, maana eneo lote lilikuwa kinamasi na jaa la majivu. Dimbwi usiloliona chini yake, lizunguke.

Kwenda Flushing fuateni alama za Brooklyn-Queens Greenway zinazotoka mashariki ya bustani kuelekea Kissena Corridor. Main Street yenyewe msiiendeshe kabisa. Mabasi, watu wanaofurika kutoka njia ya miguu, masanduku ya mboga. Fungeni Bowne Street au karibu na maktaba. Pale 45-57 Bowne Street kuna hekalu la Kihindu la Ganesh, na chini yake kantini ya vyakula vya Wahindi wa kusini: dosa, idli, sambar, vyote bila nyama. Viatu vinavuliwa kabla ya kuingia hekaluni, kwa hiyo viatu vya baiskeli vyenye vyuma chini na mikanda mitatu vitawachelewesha, vaeni raba. Tangu darajani hadi hapa ni kama kilomita 16 pamoja na kuzunguka. Kurudi, panda namba 7 Flushing-Main Street.

Mkuki

Nizungumzie baiskeli yenyewe, maana hapo ndipo siku inapoharibika.

Baiskeli za Citi Bike, ndizo hizo za kukodi za mtaani, msizitegemee kwa njia hii. Ni imara, lakini zina uzito wa karibu kilo 20, vituo vyake viko Queens ya magharibi na havifiki Flushing, na lazima kila safari iishie kituoni. Safari ya baiskeli ya kawaida kwa asiye mwanachama ni dakika 30 kabla gharama ya ziada haijaanza, na za umeme zinatozwa kwa kila dakika. Zinafaa kama mnataka nusu siku Astoria na Long Island City. Kwa siku mbili mnazosema, kodini dukani baiskeli za kawaida zenye gia 7 au zaidi, na tairi za milimita 32 hadi 40. Nyembamba ya milimita 25 itawaumiza: lami ya Queens imefukuliwa na kuzibwa mara nyingi, na kuna mabamba ya chuma yanayofunika mashimo ya ujenzi. Likilowa, bamba hilo linateleza vibaya. Pita juu yake ukiwa umenyooka, bila breki na bila kukata kona.

Upepo: kwa mtu wa kilo 75 kwenye tairi ya milimita 32, weka psi 60 mbele na 65 nyuma. Kwenye 40, psi 45 hadi 50 inatosha. Madukani hujaza kupita kiasi ili tairi ionekane ngumu. Mkitikiswa mno, punguzeni kidogo.

Hili la breki lisomeni mara mbili. Marekani mkono wa kushoto ni breki ya mbele na wa kulia ni ya nyuma. Baiskeli zetu nyingi zimefuata mtindo wa Kiingereza, kulia ndiyo ya mbele. Mkono ulioizoea ya kulia kwa miaka hauulizi ruhusa wakati wa dharura. Mtu akishtuka anakaba kushoto akidhani ni ya nyuma, gurudumu la mbele linasimama, naye anaruka juu ya usukani. Kabla ya kuondoka dukani zungukeni uwanja dakika kumi mkisimama kwa breki zote mbili pamoja, uzito ukisukumwa nyuma ya kiti. Au mwombeni fundi abadilishe nyaya; kwa breki za waya ni kazi fupi.

Na magari yanapita kulia. Ajali ya mtu aliyezoea kushoto hutokea asubuhi baada ya kupumzika, anapotoka kwenye maegesho na kuingia upande wa zamani barabara ikiwa tupu. Kabla ya kukanyaga pedali semeni kwa sauti "kulia". Inasaidia kuliko inavyosikika.

Begi moja kwa wawili: tyubu mbili za saizi yenu, vyuma vitatu vya kutolea tairi, pampu ndogo, viraka na solusheni, spana za pembe sita za milimita 4, 5 na 6. Pancha za Queens ni vigae vya chupa na vipande vya waya mwembamba kutoka tairi za malori. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kidole taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima ukitafuta kilichotoboa. Asiyefanya hivyo hupata pancha ya pili baada ya mita 200, na ya tatu hana tyubu. Ukiona matundu mawili madogo sambamba, si kigae: ni rimu imebana tyubu kwenye ukingo wa shimo, maana yake upepo ni mdogo.

Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni sheria kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama, na kengele ni sheria wakati wote. Washeni taa hata mchana mkipita chini ya reli za juu, ni giza ghafla na dereva anatoka kwenye jua. Kofia ni lazima kisheria kwa walio chini ya miaka 14 tu, lakini vaeni. Njia ya miguu si ya baiskeli kwa mtu mzima. Taa nyekundu ni ya kusimama, na New York haturuhusiwi kukata kulia kwenye nyekundu isipokuwa kuna kibao. Jambo moja la kuwafaa: tangu 2019 mwendesha baiskeli anaruhusiwa kuondoka na taa ya mwenda kwa miguu pale inapowaka kabla ya kijani ya magari, ila awape nafasi wanaovuka.

Kaa mita moja kutoka magari yaliyoegeshwa. Mlango unaofunguka ghafla ndio hatari ya kila siku, kuliko gari linalokuja nyuma.

Mbuyuni

Hili la breki peke yake limelipa uzi mzima, Mkuki. Shukrani. Bado wizi, treni, na siku ya pili. Mtu mmoja ametuambia Rockaway, baharini.

Bi Mwanahamisi wa Elmhurst

Wizi upo, na mwizi anatafuta baiskeli rahisi kuliko iliyo jirani. Kufuli la chuma lenye umbo la U lipite kwenye fremu na gurudumu la nyuma, likaze kwenye chuma cha jiji cha kufungia baiskeli. La pili, la cheni, lishike gurudumu la mbele. Ninyi mko wawili: zifungeni pamoja, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Tikiseni nguzo kabla ya kufunga, zipo zilizokatwa boliti ambazo mtu anainua tu na kuondoka na baiskeli. Msifunge kwenye mti, ni kosa, wala kwenye vizuizi vya ngazi za treni. Taa na begi dogo la chini ya kiti vingieni navyo mkahawani.

Mkiona baiskeli imepakwa rangi nyeupe kote na imefungwa kwenye nguzo, mara nyingine na maua, msiiguse wala msifunge zenu hapo. Ni kumbukumbu ya mwendesha baiskeli aliyeuawa kwenye kona hiyo.

Treni za chini zinaruhusu baiskeli saa zote, lakini epukeni saa za msongamano. Msilazimishe kizuizi cha kuzunguka. Mmoja alipie na kuingia, kisha mtumie lango pana la pembeni. Simameni mwisho wa behewa la mwisho. Vituo vya Queensboro Plaza, Court Square, 61st Street-Woodside, 74th Street na Flushing-Main Street vina lifti. Na tazameni matangazo ya Ijumaa jioni: namba 7 mara nyingi hufungwa vipande wikendi kwa matengenezo.

Kipepeo wa Bayside

Siku ya pili nawapeleka mashariki, ambako watalii hawafiki. Rudini Flushing kwa treni asubuhi, shikeni Kissena Corridor mpaka Kissena Park. Kuna uwanja wa mbio za baiskeli wa mita 400 humo, uliotumika kwa majaribio ya Olimpiki ya 1964, na kukiwa hakuna mashindano mtu yeyote anaingia. Zungukeni mara mbili chini kabisa, karibu na mstari wa ndani. Kwenye mteremko wa kona baiskeli ya kukodi yenye tairi laini huteleza.

Kutoka hapo endeleeni mpaka Cunningham Park, mtafute Vanderbilt Motor Parkway. William K. Vanderbilt aliifungua mwaka 1908 kwa ajili ya magari tu, ya kulipia, na ilifungwa 1938. Kipande cha Queens, karibu kilomita 4, kikawa njia ya baiskeli na watembea kwa miguu. Kwa sababu ilijengwa ivuke barabara nyingine juu kwa madaraja, hakuna makutano hata moja ya kusimama. Ni nyembamba na majani yake yakilowa yanateleza. Inaishia Winchester Boulevard, kwenye Alley Pond Park.

Hapo mtakutana na vilima. Watu wanadhani Queens ni tambarare kwa sababu kusini yake ni tambarare kabisa, hadi baharini. Lakini katikati umepita ukingo wa udongo na mawe ulioachwa na barafu ya kale, ndiyo maana Forest Park, Cunningham na Alley Pond zina miinuko na bonde. Wekeni gia nyepesi kabla mlima haujaanza. Kubadilisha ukiwa umekazana katikati ndiko kunakoangusha cheni.

Kati ya Alley Pond na Northern Boulevard njia inatoka kwenye barabara za magari na alama zake ni ndogo. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Pakueni ramani ya baiskeli ya idara ya usafiri ya jiji kwenye simu kabla, msitegemee mtandao bondeni. Mkishavuka Northern Boulevard mnaingia Joe Michaels Mile, njia ya ukingoni mwa Little Neck Bay hadi Fort Totten. Maji upande mmoja, barabara kuu upande wa pili. Upepo ukitoka kaskazini mtauhisi. Flushing hadi Fort Totten kwa njia hii ni kama kilomita 20.

Kurudi, Bayside kuna stesheni ya Long Island Rail Road. Kibali cha baiskeli kilifutwa 2021, mnapanda tu. Kabla ya treni tembeeni Northern Boulevard, kuna mikahawa ya Kikorea kuanzia Flushing hadi hapa.

Mkuki

Kipepeo, njia yako ni nzuri, lakini kwa mtu aliyekuja kuona watu mimi naona siku ya pili ni kusini. Pandeni treni A mpaka Lefferts Boulevard, mtokee Liberty Avenue, Richmond Hill. Hapo ni Waguyana na Watrinidad wenye asili ya Kihindi. Doubles, vipande viwili vya mkate laini uliokaangwa na dengu za mchuzi katikati, huuzwa asubuhi na huisha. Kisha Cross Bay Boulevard hadi Rockaway.

Angalizo kwa hiyo njia: Cross Bay ndani ya Howard Beach ina magari ya kasi, na kwenye madaraja upepo wa bahari wa alasiri unavuma usoni mwenu mkielekea kusini. Vukeni kabla ya saa 6 mchana. Kwenye hifadhi ya ndege ya Jamaica Bay baiskeli haziingii vijia vya ndani, zifungeni kwenye kituo cha wageni. Ufukweni kuna njia ya zege ya karibu kilomita 9, iliyojengwa upya baada ya kimbunga Sandy cha 2012. Kurudi, feri ya jiji inatoka Beach 108th Street mpaka Wall Street, kama saa moja, na baiskeli zinaruhusiwa. Jumapili ya joto foleni ni ndefu na nafasi za baiskeli ni chache. Jipangeni nusu saa kabla au zaidi, na mkikosa, treni iko karibu.

Kipepeo wa Bayside

Sipingi Liberty Avenue hata kidogo. Napinga Cross Bay kwa mtu anayejifunza upande wa kulia na breki za kushoto kwa wakati mmoja. Mbuyuni, kama Jumamosi itakwenda vizuri na mikono imezoea, nendeni kusini. Kama mmoja wenu bado anasita kwenye kona, njooni kwangu. Kilomita nne zisizo na makutano ndizo za kumalizia mazoezi. Msichanganye zote mbili.

Mbuyuni

Tumeelewana. Tutaamua Jumamosi jioni. Swali la mwisho: maji na choo?

Bi Mwanahamisi wa Elmhurst

Bustani zote zina mabomba ya kunywa na mwezi wa tano huwa yamefunguliwa. Chupa ya lita moja kila mtu inatosha. Vyoo viko Flushing Meadows na Cunningham. Maktaba za Queens zina vyoo safi, lakini nyingi zimefungwa Jumapili, kwa hiyo siku ya pili msiziweke kwenye hesabu. Na Jumamosi hiyo tazameni kama Mets, timu ya besiboli, wanacheza nyumbani. Wakicheza, kaskazini mwa bustani karibu na uwanja wao wa Citi Field kunajaa magari na treni 7 haina nafasi ya baiskeli kwa saa moja kabla na baada ya mechi.